Duka lina matawi Unguja na Pemba: ununue hifadhidata ipi?

Mabati 40 ya msauzi yaliuzwa mara mbili siku moja. Asubuhi mteja alilipia dukani Darajani, Unguja, akaambiwa akayachukue ghala la Chake Chake, Pemba, kwa kuwa nyumba anaijenga Vitongoji. Haikupita saa, mteja mwengine akaingia duka la Chake lenyewe, akayaona kwa macho yake, akahesabu pesa, akapakia kwenye kirikuu na kwenda zake. Mtandao baina ya visiwa viwili ulikuwa umelala tangu alfajiri, na kompyuta ya Chake bado ilikuwa ikionyesha 40. Mfumo ule niliuweka mimi, kwa hiyo simu ya kwanza, ile yenye maneno makali, ilinifikia mimi.

Tangu siku hiyo, mwenye biashara akiniuliza anunue hifadhidata gani, yaani programu ya kutunza kumbukumbu za mauzo na mali, simjibu kwa jina. Wauzaji siku hizi wanakuja na neno “iliyosambazwa”, yaani data inakaa kwenye seva (kompyuta kuu) zilizoko mahali pawili au zaidi, na seva zote zinafanya kazi kama kitu kimoja. Neno ni zuri. Mimi namuuliza mwenye duka swali moja: kebo ikikatika, tawi la Pemba liendelee kuuza, hata kama litauza kisichokuwepo, au lisimame mpaka mtandao urudi? Jibu la tatu hakuna. Mwanasayansi wa kompyuta Eric Brewer alilisema jambo hili mwaka 2000, na mwaka 2002 wenzake Seth Gilbert na Nancy Lynch wakalithibitisha kwa hesabu. Muuzaji anayekuahidi yote mawili anakuuzia upepo.

Na usidhani kukatika ni habari ya vitabuni. Mei 12, 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika pamoja, na Tanzania nzima ikahangaika na intaneti. Umeme ndio usiseme: Unguja ilikaa gizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na kila aliyekuwa na duka mjini anakumbuka mlio wa majenereta.

Kabla ya orodha, kuna hesabu ndogo ambayo wauzaji wanairuka. Mifumo mingi ya aina hii hufanya kazi kwa akidi, kama Baraza la Wawakilishi: bila akidi hakuna kinachopitishwa. Muamala haukubaliwi mpaka seva zaidi ya nusu ziwe zimeuandika. Seva 3 zinavumilia kupoteza 1, seva 5 zinavumilia kupoteza 2. Seva 2 hazivumilii kitu, maana ikipotea moja, iliyobaki si zaidi ya nusu. Visiwa vyetu ni viwili. Kwa hiyo anayekuuzia seva moja Unguja na moja Pemba kwa jina la usalama amekuongezea kitu cha kuharibika tu. Seva ya tatu iweke Dar es Salaam. Hata kwa umeme inaingia akilini, kwa sababu Unguja inapata wake kwa waya wa baharini unaotoka upande wa Dar, na Pemba tangu 2010 ina waya wake unaotoka upande wa Tanga. Nimewahi kuoneshwa “kundi la seva tatu” zilizopangwa juu ya meza moja, zimechomekwa kwenye ekstensheni moja. Kijana wa usafi akigusa ile swichi, akidi imekwisha.

Sasa orodha, kwa jinsi ninavyoipanga mimi.

La kwanza ni PostgreSQL ya kawaida yenye nakala. Najua umekuja kuuliza za kusambazwa, lakini maduka tisa katika kumi ninayoyafikiria hayahitaji zaidi ya hii. Ni ya bure, asili yake ni Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 80, na fundi anayeijua utampata hapa hapa mjini. Seva kuu unaiweka Unguja, nakala inakaa Dar, na kila kinachoandikwa kinafuata upande wa pili. Kuna jambo la kuamua mwanzoni. Ukiiacha nakala ifuate kwa nyuma, seva kuu ikiungua utapoteza mauzo ya sekunde za mwisho. Ukiilazimisha seva kuu isubiri nakala ikiri kupokea, hupotezi kitu, ila nakala ikiwa moja na njia ya kwenda Dar ikafa, kila muuzaji atakaa anatazama skrini isiyojibu. Kwa duka, mimi nachagua ya kwanza na risiti za karatasi. Jua pia kwamba haijihamishi yenyewe kwenda kwenye nakala. Ama fundi afanye kwa mkono, ama uweke programu kama Patroni, nayo pia inategemea akidi ya mahali pengine.

Ya pili ni CouchDB, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo iliyomaliza ugomvi wa mabati. Yenyewe haingoji akidi ya visiwa. Kila tawi lina hifadhidata yake kamili, linauza mtandao ukiwepo au usiwepo, na njia ikifunguka zinaoneshana yaliyopita. Kwa Wete au Mkoani, ambako mteja ameshuka kwenye boti na hana subira ya kusikia “mtandao unasumbua, ami”, hilo ni jambo kubwa. Tatizo ni pale matawi mawili yanapobadilisha karatasi, yaani rekodi, ile ile. CouchDB itachagua moja iwe mshindi kwa kanuni yake, na ile iliyoshindwa itaihifadhi pembeni ikiwa na alama ya mgongano. Haifuti, lakini pia haikupigii simu. Programu yako isipokwenda kuzitafuta zile alama, zitakaa humo mpaka siku ya kuhesabu mali.

Dawa yake waliijua wazee wenye madaftari. Usiandike “mabati yaliyobaki: 40” halafu kila tawi likafuta na kuandika namba yake. Andika kila kilichotoka na kilichoingia kwa mstari wake: yametoka 40, Darajani, saa tatu na robo. Mistari haigombani, kwa sababu kila mmoja ni karatasi mpya. Baki unaipata kwa kujumlisha. Tulipobadilisha hivyo, siku mtandao ulipolala tena kompyuta bado iliruhusu kuuza mara mbili, maana hilo haliepukiki, lakini njia ilipofunguka baki ikasoma hasi na jina la bidhaa likawa jekundu. Mwenye duka akapiga simu kabla mteja hajafika ghalani. Tukaongeza na kanuni ya kibiashara tu: njia ikifa, Darajani isiuze mali iliyoko ghala la Pemba. Kanuni hiyo haikuhitaji hata senti.

Ya tatu naigawa kwa mbili, YugabyteDB na CockroachDB. Hizi ndizo za akidi zenyewe, zinatumia SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, na zinaongea na programu zilizozoea PostgreSQL. Ni za mtu ambaye kuuza mara mbili kwake ni balaa kuliko kusimama: mwenye hoteli Nungwi, Paje na Kiwengwa anayeuza vyumba kutoka ofisi tofauti, au anayeshika pesa za watu. Mgeni aliyetoka Milano na kukuta chumba chake kina mtu hatulizwi kwa soda.

Baina ya hizo mbili, hapa kwetu nachukua Yugabyte. Kiini chake kina leseni huria ya Apache. CockroachDB imepewa jina la mende kwa sababu mende hafi ovyo, na kwa ufundi kweli hafi, lakini masharti yake yalibadilika Novemba 2024. Biashara yenye mapato chini ya dola milioni 10 kwa mwaka inaitumia bure, ila leseni inahuishwa kila mwaka na seva zako lazima ziwe zinatuma taarifa za matumizi kwa kampuni. Zikikosa kutuma siku 7, mfumo unabanwa. Mtu wa Dubai halimsumbui hilo. Mtu wa kisiwani anayekumbuka 2009 atalitafakari.

Halafu kuna saa. Mende anataka seva zote zikubaliane saa, na kwa kawaida kikomo cha tofauti ni nusu sekunde. Seva ikikaribia kikomo hicho ikilinganishwa na wenzake inajizima yenyewe ili isiharibu data. Ukinunua kompyuta ya mtumba ikiwa na kile kibetri kidogo cha ndani kilichokufa, umeme ukirudi inaamka ikidhani ni mwaka mwengine kabisa. Hewa yetu ya chumvi haivihurumii vitu hivyo. Badilisha kibetri kabla ya kuweka mfumo wowote wa kundi, na hakikisha saa inarekebishwa kwa mtandao.

Ya nne, TiDB kutoka PingCAP, kampuni iliyoanzia Uchina. Nzuri kwa mwenye mfumo wa MySQL, hifadhidata ya kawaida kama PostgreSQL, uliojaa mpaka juu. Lakini ukiisimamisha kama wanavyoshauri unahitaji vipande vinane kwa uchache: vitatu vya kuhifadhi, vitatu vya kuratibu, viwili vya kupokea maswali. Kwa duka la saruji hiyo ni meli ya mafuta ya kuvukia Chumbe.

MongoDB naiweka ya tano. Kampuni ya ziara ambayo kila bidhaa ina sura yake, huyu anauza ziara ya viungo, yule kupiga mbizi Mnemba, itaipenda. Leseni yake tangu 2018 inawabana wanaotaka kuiuza kama huduma, wewe mwenye duka haikugusi. Cassandra ya mwisho, si kwa ubovu. Ilizaliwa Facebook kwa ajili ya data nyingi zinazomiminika, na panapogongana, aliyeandika na saa ya mbele ndiye anayebaki. Kwa mabati yangu ingekuwa mmoja kafutwa kimya kimya.

Za kukodi wingu, yaani zinazokaa kwenye seva za makampuni makubwa nawe unazifikia kwa intaneti, kama Spanner ya Google yenye saa zake za atomu, sikuziweka kwenye mstari. Vituo vya karibu vya makampuni hayo makubwa viko Afrika Kusini: Microsoft tangu 2019, Amazon Cape Town tangu 2020, Google Johannesburg tangu 2024. Mwanga ndani ya waya wa kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda Cape Town na kurudi ni sekunde 0.04 hata njia ingenyooka kama rula. Ni kidogo, mpaka ukutane na programu inayouliza seva mara thelathini ili kufungua ukurasa mmoja wa ankara.

Ukishachagua, usilipe awamu ya mwisho ofisini kwa muuzaji. Mpandishe boti mpaka Chake. Achomoe waya wa mtandao mbele yako, auze mfuko mmoja wa saruji, na mwenzake Darajani auze mwengine wa ghala hilo hilo. Kunyweni chai. Achomeke waya, halafu nendeni ghalani mkahesabu mifuko kwa mkono huku skrini iko wazi.