Rostov au Pereslavl: mji upi wa ziwani?

Ukitoka Moscow, Urusi, kwenda kaskazini-mashariki, utaanza na mji wa Rostov au wa Pereslavl-Zalessky?

Kwa kutajwa mapema, Rostov inaongoza: imetajwa katika kumbukumbu za kale, kwenye habari za mwaka 862. Ila jengo kongwe liko Pereslavl, Kanisa Kuu la Kugeuka Sura, lililoanzwa 1152: mawe meupe, kuba moja, kuta karibu tupu. Mimi nalipenda kuliko mapambo yote ya jirani yake. Hata hivyo Kremlin (ngome) ya Rostov, kazi ya Metropoliti Iona, askofu mkuu wa karne ya 17, ina kuta, minara na makanisa mahali pamoja, pamoja na kengele ya Sysoi yenye tani 32 hivi. Kimbunga cha 1953 kiliiharibu vibaya Kremlin hiyo, ikakarabatiwa.

Rostov inafikika kwa treni. Pereslavl ni basi au gari, japo iko karibu zaidi.

Ziwa Nero, la Rostov, ni la kina kifupi na tope jingi. Pleshcheyevo, la Pereslavl, hufika kina cha mita 25, na ndipo Peter Mkuu, mfalme wa Urusi, alipoundia merikebu zake akiwa kijana. Moja yake, mashua Fortuna, ingalipo. Mwenye watoto wanaopenda maji aelekee huko. Asiye na gari, Rostov itamfaa.