Mashine ya kusaga ya HP 20 kutoka Nyakato: unga safi, kava bovu

Kwa kusaga hatuna ugomvi nayo. Hii mashine ya nyundo (vyuma vinavyozunguka ndani na kuponda nafaka) inayochomelewa kwenye karakana za Nyakato, Mwanza, inatoa dona laini, mtama haukwami, na ikishafungwa kwenye zege haitetemeki. Nyundo zikilika upande mmoja unazigeuza na kazi inaendelea. Shida ni sehemu tatu zinazokata vidole.

Kava la mkanda ndilo baya kuliko yote. Wavu wake una matundu ya milimita 25 na umekaa sentimita 5 tu kutoka kwenye mkanda, kwa hiyo kidole kinapita chote. Matundu ya ukubwa huo yanataka wavu uwe angalau milimita 120 mbali. Ukiubakiza hapo ulipo, matundu yasizidi milimita 10. Puli ya sentimita 25 kwenye mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika inaukimbiza mkanda karibu mita 19 kwa sekunde. Hakuna mkono unaowahi kuchomoka.

Halafu kava limefungwa kwa bolti nane, bila mlango. Kila mkanda ukilegea msagishaji afungue zote nane? Atafanya hivyo mara mbili, ya tatu kava linaegemezwa ukutani na halirudi. Mkanda uliolegea unateleza na kunuka mpira, naye anaupaka nta huku unazunguka. Hapo ndipo vidole vinavutwa kati ya mkanda na puli. Bawaba upande mmoja na bolti mbili upande wa pili zingemaliza hadithi hii. Kipimo cha kukaza mkanda ni rahisi: ubonyeze katikati, ushuke kama milimita 16 kwa kila mita kati ya puli na puli.

Hopa, yaani chombo cha juu cha kumiminia nafaka, nayo ni fupi. Kwa mahindi si neno, lakini kanda hii watu wanasaga udaga (muhogo mkavu), na vipande vyake vinakwama kwenye koo la hopa. Msagishaji anavisukuma kwa mkono. Kutoka mdomo wa hopa hadi kwenye nyundo pawe angalau sentimita 85, urefu ambao mkono wa mtu mzima haufiki, na kijiti cha kusukumia kifungwe kwa mnyororo pale pale.

Umeme: mashine inakuja na men swichi peke yake. Tanesco wakikata, mtu anafungua mlango wa chekecheke (bati la matundu linalochuja unga) kusafisha. Umeme ukirudi, nyundo zinaanza kuzunguka mkono ukiwa ndani. Stata yenye kontakta (swichi ya kuwashia inayojiachia umeme ukikatika) haiwaki tena mpaka kitufe kibonyezwe. Inunue, na uweke kufuli kwenye men swichi wakati wa kusafisha. Hata baada ya kuzima, subiri nyundo zisimame kabisa.

Kidole kikikatika, zima umeme, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono. Kipande kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko uwekwe kwenye maji yenye barafu. Barafu isiguse nyama. Peleka vyote hospitali ya Bugando pamoja na mgonjwa. Mwajiri ana siku 7 za kutoa taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na madai yasipite miezi 12. Mfanyakazi akishindwa kufanya kazi kwa muda, fidia ni asilimia 70 ya mshahara, kwa miezi isiyozidi 24. Mwenye mashine anayesema "huyu ni kibarua tu" ndiye atakayehangaika na karatasi baadaye.

Kusaga tunaipa alama nne kati ya tano. Usalama, moja na nusu, na hiyo nusu ni kwa sababu ncha ya shafti upande wa nyuma imefunikwa vizuri. Ukiagiza, mpe fundi vipimo vya kava na hopa kabla hajakata bati. Akishachomelea, atakuambia kurekebisha ni bei nyingine.