Mercedes C200 ya mtumba: nilivyopima uimara na gharama za gereji kabla ya kuinunua

Naendesha Mercedes C200 Kompressor, umbo la W204, hapa Dar es Salaam, na nimeshakaa nayo muda wa kutosha kuzungumzia raha yake na bili zake. Kila anayepanda kwa mara ya kwanza huniuliza kama haitanifilisi. Jibu langu ni hapana, ila hapana hiyo ina masharti, na masharti hayo ndiyo nataka kuyaeleza hapa, maana naona watu wengi wanaingia mkenge kwa kuangalia bei ya yadi peke yake.

Gari likizeeka bei yake inashuka, lakini spea zake hazishuki. C-Class (familia ambayo C200 imo) ya 2008 leo unaipata kwa fedha ambayo mwenzako ananunulia Harrier tako la nyani. Nenda sasa ukaulize taa ya mbele ya hiyo C-Class, au pampu, au sensa ya kawaida tu. Utatajiwa bei ya gari la tajiri, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya gari la tajiri. Mmiliki wa kwanza kule Japani alifaidi gari likiwa na warantii na shaken, ukaguzi wao wa lazima wa magari, wa kwanza baada ya miaka mitatu kisha kila baada ya miwili. Mpira ukianza kukauka na plastiki kupasuka, gari liko mikononi mwako.

Ndiyo maana sikutegemea sana orodha za uimara zinazosambaa mitandaoni. Lexus iliongoza orodha ya J.D. Power, kampuni ya utafiti wa magari, kule Marekani mwaka 2023, 2024 na 2025, na sina ubishi na hilo. Lakini utafiti ule unawauliza wamiliki wa magari yenye miaka mitatu. Gari ninaloweza kumudu mimi lina miaka zaidi ya kumi. Swali langu lilikuwa jingine: gari hili likifika umri huu linaumwa ugonjwa gani, ugonjwa wenyewe unatoa dalili mapema au unaua ghafla, na je, hapa mjini yupo fundi anayeujua?

Nilianza kwa kutaka kuagiza mwenyewe. Nikapiga hesabu: ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, halafu ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, 5% kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 na 10% ikizidi hapo. Gari likivuka miaka kumi linaongezewa ushuru wa uchakavu wa 30%. Kodi moja inakokotolewa juu ya nyingine, kwa hiyo ukimaliza unakuta umeilipia serikali karibu gari la pili. Nikaamua kutafuta lililokwisha kuingia nchini, namba D, kwa mtu anayeweza kunionyesha risiti za matengenezo. Fedha niliyookoa kwenye kodi niliihesabu kuwa ya gereji tangu siku ya kwanza.

Nilikuwa nalinganisha magari manne.

Crown Athlete ya umbo la 200 ndiyo chaguo la mtu anayetaka kulala usingizi. Injini yake ya 4GR-FSE, V6 (silinda sita) ya cc 2,499, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Mark X na Lexus IS 250. Maana yake spea utazipata Gerezani, utazipata Shaurimoyo, na mafundi wameshazifungua nyingi. Inajaza masizi kwenye valvu kwa kuwa petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, na pampu ya maji huanza kuvuja ikichoka. Hayo yote yanatibika bila kuuza shamba. Kama nisingekuwa na fundi ninayemwamini wa magari ya Kijerumani, ningechukua Crown na mjadala ungeishia hapo.

BMW 320i nilizipenda usukani, sana. Ile ya umbo la E90 yenye injini ya N46 inavuja oili kwenye kava ya juu, na mipira ya valvu ikikakamaa inatoa moshi wa bluu ukikaa kwenye foleni halafu ukakanyaga mafuta. Kuibadilisha kunataka vifaa maalumu na mkono uliotulia. Tairi zake nyingi ni zile zinazotembea bila upepo, na kwa sababu hiyo hakuna tairi la akiba, jambo ambalo ukiwa njiani kwenda Dodoma usiku utalikumbuka. Umbo la F30 lililofuata, lenye injini ya N20, ndilo lililonitisha hasa. Reli za plastiki zinazoongoza cheni ya taimingi (ile inayofanya valvu na pistoni ziende sambamba) zinakatika vipande, vipande vinashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba pampu ya oili. Ikifika hapo injini imekwisha, na unaweza usipate onyo la maana.

Audi A4 ya umbo la B8, zile za mwanzo zenye injini ya TFSI ya lita mbili, inakunywa oili kwa sababu ringi za pistoni ni nyembamba mno. Dawa ya kweli ni kufungua injini na kuweka pistoni na ringi mpya. Nilimuuliza fundi wangu kama angekubali kuifanya kazi hiyo. Akasema angekubali, lakini tusikutane tena kwa ajili ya lawama. Nikaifuta Audi.

C200 nayo ina ugonjwa wake unaojulikana, na haufichiki: cheni ya taimingi ya injini ya M271 hurefuka, na gia za kemshafti, shafti inayofungua valvu, hulika meno. Ukiiacha, cheni inaruka jino na valvu zinagongana na pistoni. Ila inasema mapema. Ukiwasha injini ikiwa ya baridi, unasikia mkwaruzo wa sekunde chache kama mnyororo unaoburutwa kwenye bati, kisha unanyamaza oili ikipanda. Mwenye masikio anasikia miezi kabla ya janga. Injini yenyewe ni ya cc 1,796, silinda nne, ina supachaja (kifaa kinachosukumia hewa ndani ya injini), na nafasi ya kufanyia kazi chini ya boneti ni kubwa kuliko kwenye V6. Giaboksi ni ile ya gia tano, 722.6, ambayo mafundi wa magari ya Kijerumani wa Dar wanaijua kwa sababu ilifungwa kwenye Mercedes nyingi tangu miaka ya tisini. Hicho ndicho kilichonifanya niichague: nilipewa ugonjwa unaosikika, na daktari wake yupo Ilala.

Kukagua ndiko kulikochukua muda, na hapo sikubana fedha. Muuzaji niliyenunua kwake nilimwomba asiwashe gari asubuhi hiyo kabla sijafika. Nikaweka kiganja juu ya boneti kwanza. Kuna muuzaji mwingine, kabla yake, ambaye gari lake nililikuta limeshapata moto, "nililipasha kidogo tu bosi", nikamshukuru na kuondoka. Kama mtu amepasha injini ya M271 kabla hujafika, amekunyima kitu pekee ulichokwenda kusikiliza. Baada ya sauti, fundi alichomeka mashine ya kupimia inayosoma kompyuta zote za Mercedes. Zile ndogo za kuunganisha na simu nyingi husoma injini tu, na gari hili lina kompyuta za breki, giaboksi, milango, usukani, kila moja na kumbukumbu yake. Kisha tukaingia nalo kwenye foleni ya Mwenge mchana, kiyoyozi kimewashwa, tukiangalia mshale wa joto. Injini inayotaka kuchemsha itachemsha hapo.

Lingine dogo ambalo wauzaji hawalisemi: redio ya gari la Japani haishiki stesheni nyingi za FM za kwetu, kwa sababu masafa ya redio za magari ya kule ya umri huu yanaanzia megahezi 76 na kuishia karibu na 90. Itabidi ufunge kiongeza masafa au ubadilishe redio nzima. Kwenye W204 redio imeungana na skrini ya gari, kwa hiyo usikubali fundi wa redio wa barabarani akate nyaya.

Nilinunua kwa milioni 21 na nikatenga milioni nne pembeni ambazo sikuzigusa kwa kitu kingine chochote. Nasisitiza hili kuliko yote. Kama una milioni 21, nunua gari la milioni 17.

Bili zimekuwa hivi. Mikono ya chini ya mbele, ile inayoshikilia magurudumu, na bushi zake ziliondoka mapema, na hilo halikunishangaza kwa matuta na mashimo ya barabara zetu. Nilifunga za kampuni inayoheshimika, sio zile za bei ya kutupa ambazo hukaa msimu mmoja wa mvua. Mipira ya kushikia injini ilifuata. Dalili yake ni mtetemo kwenye kiti ukiwa umesimama kwenye taa, gia ikiwa D. Oili ya injini na filta vinanigharimu kama laki mbili na nusu kila nikibadilisha, kwa sababu natumia sintetiki yenye idhini ya Mercedes na sirefushi muda. Kwa injini ambayo maisha yake yanategemea cheni, oili chafu ndiyo adui namba moja. Kwenye rejeta inaingia kulanti halisi (kimiminika maalumu cha kupoza injini), kamwe sio maji ya bomba.

Kisha kufuli ya usukani. W204 ina mota ndogo ya umeme inayofunga na kufungua usukani, na brashi zake zikilika unaingiza ufunguo, unazungusha, na hakuna kinachotokea. Hakuna taa, hakuna sauti, usukani umekaza. Yangu iligoma kwenye maegesho ya sokoni, jua kali, na samaki kwenye buti. Fundi wa kompyuta alikuja na kifaa mbadala cha kielektroniki, akakiprogramu kwa ufunguo wangu pale pale, ikanigharimu laki nane pamoja na nauli yake. Ukinunua gari hili na kufuli haijabadilishwa, ichukulie kama deni ambalo bado hujalipa.

Kisa cha giaboksi ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi gharama ya kutofahamu. Gari lilianza kung'ang'ania gia ya pili. Unakanyaga, injini inalia, haibadilishi. Gereji ya kwanza niliyoingia, sitaitaja, walizunguka nalo mtaa mmoja wakarudi na hukumu: giaboksi imekufa, leta milioni tatu na nusu tufunge ya mtumba kutoka Japani. Nikalipeleka kwa fundi wangu. Alilipandisha, akalala chini na tochi, akanyoosha mkono hadi pale nyaya zinapoingia ubavuni mwa giaboksi, akaizungusha soketi na kuichomoa. Akanionyesha: pini zote zimelowa oili nyekundu. Ndani ya soketi ile kuna pete mbili za mpira zinazozuia oili. Zikikauka, oili inapenya na kupanda ndani ya nyaya zenyewe, taratibu, hadi kwenye kompyuta ya giaboksi, na kompyuta ikichanganyikiwa inalifungia gari kwenye gia ya pili ili lisijiumize. Alibadilisha kipande kile cha plastiki na pete zake, akasafisha nyaya na kompyuta, akaweka filta na oili mpya. Giaboksi hii haina kijiti cha kupimia oili. Kuna bomba lenye kifuniko tu, na fundi anatakiwa awe na kijiti chake maalumu na apime oili ikiwa imefika nyuzijoto 80. Asiye nacho atakisia. Kazi yote haikufika laki saba.

Hivyo kabla ya kutafuta gari, tafuta fundi. Mpelekee orodha ya magari unayoyafikiria, umuulize ni lipi angenunua yeye kwa fedha yake. Muulize ana mashine gani ya kupimia, na mara ya mwisho alifungua injini kama hiyo lini. Ukiishi mji ambao hakuna mtu wa aina hiyo, na kila ukipata tatizo gari lipakiwe kuletwa Dar, basi chukua Crown, Mark X au Harrier kwa moyo mweupe kabisa. Vivyo hivyo kama gari ni moja nyumbani na ndilo linalopeleka watoto shule. Magari ya Kijerumani yenye umri huu yanalala gereji siku mbili tatu mara kwa mara hata yakitunzwa.

Kwa upande wa raha, sina malalamiko. Barabara ya Morogoro kwa mwendo wa kilomita 80 gari limetulia, unaongea na jirani yako bila kupaza sauti, breki zinashika pale unapotaka. Foleni ya mjini linakula lita moja kwa kilomita nane hivi, safari ndefu linafika kumi na mbili. Milango bado inafunga kwa ule mlio mzito. Kwangu mimi hayo yana thamani ya bili nilizolipa.

Cheni bado iko kimya. Hata hivyo nimeshauliza bei ya seti kamili, yaani cheni, gia zote mbili za kemshafti na tensiona (kikaza cheni), na fedha yake imeshatengwa, kwa sababu kubadilisha cheni peke yake juu ya gia zilizolika ni kazi ya kurudia. Kila asubuhi nawasha nikiwa nimezima redio na kioo kikiwa chini. Nikisikia ule mkwaruzo, gari litazimwa hapo hapo na kwenda gereji likiwa limebebwa.