Mashine ya presha ya nyumbani: miezi minane nikimpima mama

Mama yangu ana miaka 63. Aliambiwa zamani kwamba ana presha ya kupanda, ila hatukuwahi kujua inapanda kiasi gani. Siku akifika kliniki ametoka kugombania daladala na kukaa foleni, mashine inasoma 168/98. Mwezi unaofuata ni 134/82, anarudi nyumbani kafurahi na dawa zinalala kabatini. "Mbona siumwi?" ndivyo anavyojibu, na kweli haumwi popote. Hapo ndipo hofu yangu ilipo, maana mdogo wake alianguka kwa kiharusi naye hakuwa anaumwa popote.

Nilianza na ile mashine ya kufunga karibu na kiganja kwa sababu ya bei. Sikushauri uinunue. Sasa hivi 118, baada ya dakika moja 151. Mkono ukishuka tu chini ya usawa wa moyo, namba inapanda. Nikajichanga nikanunua ya kufunga juu ya kiwiko, shilingi 95,000 kwenye duka la vifaa vya tiba. Inajaza upepo yenyewe, inasikiliza mapigo kupitia mkanda, kisha inatoa namba tatu: ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni pale moyo unapolegea kati ya pigo na pigo, na ya tatu ni mapigo kwa dakika.

Kasoro niliyoikuta ni mkanda. Uliokuja na mashine ni wa mkono wa sentimita 22 hadi 32, na mkono wa mama ni 35. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huitoa presha kubwa kuliko ilivyo. Siku tatu nzima nilimtia mama wasiwasi usio na sababu, mpaka nesi jirani yetu alipouona na kuniambia nitafute mkubwa. Nikatoa 25,000 nyingine.

Nesi huyohuyo ndiye aliyenifundisha kupima. Kahawa isiwe imenywewa ndani ya nusu saa iliyopita, haja ndogo imeshatoka. Mama akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza, mkanda kwenye ngozi na siyo juu ya gauni. Atulie dakika tano. Halafu asizungumze, na hili kwa mama lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu ndiyo saa anayokumbuka kuulizia kuku. Tunapima mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku saba, na kila namba inaandikwa daftarini.

Daftari hilo ndilo lililobadilisha mambo. Daktari aliziacha namba za siku ya kwanza, akapiga wastani wa zilizobaki: 152/91. Akatueleza kwamba nyumbani, wastani ukifika 135/85, tayari ni presha ya kupanda, ingawa kliniki hutumia 140/90. Kwa hiyo za mama hazikuwa za hofu ya hospitali peke yake. Akaagiza kipimo cha umeme wa moyo, ekokadiografia (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), damu ya figo, sukari na mafuta, na mkojo. Kwenye ekokadiografia mama aliuona moyo wake ukipiga kwenye skrini, akanyamaza kabisa. Ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa umeanza kunenepa. Daktari alimwambia, "Mama, moyo ni msuli. Ukisukuma mzigo mzito miaka yote, unanenepa, na ukinenepa sana unachoka." Tangu siku hiyo sijamsikia akisema haumwi.

Alianza amlodipini miligramu 5, ikapandishwa 10, miguu ikavimba. Hakuacha dawa kimyakimya kama zamani. Tulirudi na daftari, ikashushwa 5 na kuongezewa losartani. Ng'onda, samaki mkavu wa chumvi ambaye kwetu Tanga ni vigumu kumkataa, sasa analowekwa usiku kucha na analiwa mara chache. Chumvi ya siku isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai, na ya ndani ya samaki inahesabiwa humo. Wastani wa wiki iliyopita ni 128/78.

Mashine hii ina mipaka yake. Ilipoonyesha alama ya mapigo yasiyo sawa, haikuweza kusema ni ugonjwa au mama alitikisika tu. Kipimo cha umeme wa moyo ndicho kilichotutoa wasiwasi. Wala haioni mshipa wa moyo ulioziba. Mtu akibanwa kifua huku akitoka jasho, au mdomo ukienda upande, mpeleke hospitali hata kama inasoma 120/80. Ikifika 180/120 bila dalili yoyote, mtulize dakika tano urudie. Ikibaki hapo, mwone daktari siku hiyohiyo.

Kabla ya kununua, pima kwa futi ya fundi cherehani mzunguko wa mkono, katikati ya bega na kiwiko. Nenda na namba hiyo dukani, na mkanda ujaribiwe palepale kabla hujatoa pesa.