Boroline: krimu ya tembo ya Gourmohun Dutta

Ukiifinya tyubu hii ya kijani ya Boroline, kinachotoka ni krimu nyeupe, nzito, yenye harufu kali ya manukato. Gourmohun Dutta, mfanyabiashara Mbengali aliyekuwa akiagiza bidhaa kutoka nje, alianza kuitengeneza Calcutta, India, mwaka 1929, enzi ambazo wazalendo walisusia bidhaa za Waingereza. Jina lenyewe linataja kilichomo: asidi ya boriki na mafuta. Humo pia kuna oksidi ya zinki na lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo.

Kazi inayoiweza hasa ni magaga. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, sugua visigino kwa jiwe, futa, kisha paka ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Kila kisigino kinatosha kiasi cha punje ya njegere. Vaa soksi ulale nazo. Lanolini hulainisha na kuzuia maji yasikauke; ukipaka kwenye ngozi kavu kabisa, unafungia ukavu ndani, na hapo ndipo wengi husema haifai. Wakati wa baridi huwa ngumu, kwa hiyo ipashe kwanza kati ya vidole.

Mikwaruzo midogo inaifaa, ila iwe imeoshwa kwa maji na sabuni, la sivyo uchafu unabaki chini ya mafuta. Asidi ya boriki ni kiua vijidudu dhaifu. Jeraha lenye kina, au ngozi iliyoungua na kuchubuka sehemu kubwa, usiipake kamwe: asidi hiyo hupenya hadi kwenye damu, na kwa mtoto mchanga ni hatari zaidi. Usoni kwenye joto la masika ya Bengal haipendezi hata kidogo. Uso unang'aa mafuta, vinyweleo vinaziba, chunusi zinafuata. Mito ya kulalia nayo inapata madoa.

Agosti 15, 1947, India ilipopata uhuru, kampuni ya Dutta iligawa bure tyubu 100,000. Ni zawadi ya kupendeza sana, kwa kuwa ilikuwa kitu cha kutumika nyumbani siku hiyohiyo. Nembo ya tembo nayo iliwasaidia wasiojua kusoma. Vijijini waliiomba dukani kwa jina la krimu ya tembo.

Kama ngozi yako huwashwa na sufu, paka kidogo ndani ya kiwiko usubiri siku nzima kabla ya kuitumia kwingine.