Cha kununua kwanza kama unasikia baridi kuliko wenzako na unataka kulala kwenye hema

Mwangaluka. Mi ni yule mtu ambaye mwezi wa saba, Mwanza hii hii, natafuta sweta saa kumi na mbili jioni wakati wajukuu wanacheza nje na bukta. Nina miaka 64, nimestaafu ualimu, na toka nistaafu nimeanza haya mambo ya kubeba begi mgongoni na kwenda kulala porini, wanangu wanasema mama kachanganyikiwa, waache waseme.

Safari ya kwanza tulienda Ngorongoro, kambi ya Simba, pale juu kabisa kwenye ukingo wa kreta. Sa ujue sisi Mwanza tuko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, pale ni zaidi ya mita 2,300, na kila ukipanda mita 1,000 baridi inaongezeka kama nyuzi 6 hivi. Mi sikujua hesabu hiyo. Nilikwenda na mablanketi mawili mazito ya kitandani na lile godoro la kujaza upepo, nililinunua duka moja hapa mjini muuzaji akaniapia kwamba mama hapa utalala kama hotelini. Nililala macho. Nje pundamilia wanang'oa majani kra kra kra, mi ndani natetemeka, nikijifunika juu baridi inapanda kutoka chini, saa tisa usiku nikamwamsha binti yangu tukalala mgongo kwa mgongo kama watoto.

Kosa halikuwa blanketi, kosa lilikuwa chini. Ndo maana mpangilio wangu huu hauanzi na slipingi begi (ule mfuko wa kulalia) kama wengi wanavyoanza.

Namba 1: cha kutandika chini

Ukilala, uzito wako unabana kile kilicho chini yako, blanketi au slipingi begi yoyote ikishabanwa haina hewa tena na bila hewa haina joto, kwa hiyo ardhi inakunyonya usiku kucha. Na godoro la upepo tupu ni baya zaidi kwa sababu ile hewa ndani inazunguka, inachukua joto lako inalipeleka chini. Kwa Mwanza kwenye joto sawa, tumia. Milimani hapana.

Mati za kambi zina kipimo kinaitwa R, namba ikiwa kubwa ndo inazuia zaidi. Mati ya foamu ngumu inayokunjwa ina kama 2. Zile za kujaza upepo lakini zimewekewa kinga ndani zinaanzia 3 kwenda 5 na zaidi. Mtu wa baridi kama mimi akienda sehemu inayokaribia sifuri atafute 4 au zaidi. Uzuri wa hii namba ni kwamba inajumlishwa, ukiweka ya 2 juu ya ya 2 umepata 4, na hapo ndo siri ya mtu asiye na hela nyingi: nunua foamu mbili.

Ukikosa mati ya kambi, angalia zile mati za rangi rangi za watoto za kuunganisha kama fumbo, zinauzwa maduka ya vitu vya plastiki. Ile foamu hainyonyi maji na inazuia baridi vizuri tu. Vipande sita vinakutosha kuanzia mabega mpaka chini ya makalio, miguu weka begi lako la mgongoni lililobaki tupu. Nimelalia hizo safari mbili. Mati ya mazoezi ile nyembamba peke yake usijidanganye.

Na kama mnakwenda na gari au boti, mfano mnavuka kwenda kisiwa cha Rubondo, basi beba godoro la sponji la nyumbani inchi tatu yaishe, hakuna wa kukucheka. Lifunge tu kwenye turubai maana sponji ikilowa haikauki safari nzima.

Namba 2: slipingi begi, na jinsi ya kusoma ile lebo

Hapa watu wanapigwa sana. Slipingi begi nzuri ina namba tatu za nyuzi joto: komfoti, limiti na ekstrimu. Muuzaji anakutajia ile kubwa iliyoandikwa mbele, "mama hii ni ya nyuzi 5", kumbe ni limiti. Limiti ni mwanaume amejikunja ndani anavumilia usiku upite. Ekstrimu ni ya kutokufa tu, hiyo usiiangalie kabisa. Wewe soma komfoti, yaani baridi ambayo bado unalala kwa raha. Na hata hiyo komfoti, kipimo cha Ulaya cha EN 13537 kiliiweka kwa mwanamke wa mfano wa miaka 25! Mi hiyo 25 niliiacha zamani mno. Mwili wa mzee una misuli michache na misuli ndo jiko la mwili, na damu haifiki vidoleni kama zamani. Kwa hiyo mi naongeza nyuzi 5 za usalama: nikienda sehemu ya nyuzi 8 nataka begi la komfoti 3 au chini.

(Ila kama hukuwa mtu wa baridi na imekuanza ghafla tu, kabla ya kununua chochote kapime damu na tezi ya shingo, na mwulize daktari kuhusu dawa zako za presha, zipo zinazofanya mikono na miguu kuwa ya baridi.)

Ndani yake liwe na manyoya ya bata au nyuzi za kiwandani? Kwetu ziwani mi nasema za kiwandani. Manyoya ni mepesi na yana joto kuliko chochote, lakini yakilowa yanashikana kama kuku aliyenyeshewa, na pembeni ya ziwa alfajiri umande unaloanisha kila kitu. Za kiwandani ni nzito ila zikilowa bado zinajitahidi, na zinakauka haraka.

Mi langu nililipata mitumba, soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza. Nenda asubuhi wakati mabelo yanafunguliwa. Kijana akanipigia shikamoo, nikaitika, akasema bibi hili la Ulaya halijatumika. Nikamwambia mwanangu hebu litandaze hapo tuliache dakika kumi. Ndo kipimo: begi zima likitolewa kwenye kifuko chake linavimba taratibu kama andazi, lililochoka linabaki limelala. Liinue kwenye mwanga uone kama kuna sehemu zimebaki nguo tupu, vuta zipu mpaka mwisho mara tatu, na linuse, ukungu hautoki. Hakikisha lina kofia ya kukaza kichwani. Likiwa pana sana kuna hewa nyingi ya kupasha, likibana sana unabana joto lenyewe.

Kwa Kilimanjaro ushauri wangu ni mwingine: usinunue begi la baridi kali kwa ajili ya wiki moja ya maisha yako. Kodi Moshi. Na kama mgongo una kero, njia ya Marangu ndo yenye vibanda vya kulala, Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, godoro unalikuta huko huko.

Namba 3: chupa ya maji ya moto

Kwa bei na faida hii ingekuwa ya kwanza, naiweka ya tatu kwa sababu bila namba 1 inapoa kabla ya saa nane. Tafuta chupa ya plastiki ngumu ya lita moja ambayo mfuniko wake hauvuji, jaribu nyumbani kwanza kwa kuilaza kichwa chini. Chupa ya soda usiweke maji yaliyochemka, inajikunja. Themosi nayo haina maana, imetengenezwa isitoe joto. Unaivika soksi nene unaiweka katikati ya mapaja, siyo miguuni, pale kuna mishipa mikubwa ya damu na joto linasafiri lenyewe mpaka vidoleni. Wenye sukari muwe makini sana, mguu uliokufa ganzi unaungua bila kusikia. Asubuhi maji bado ya uvuguvugu, unanawia uso.

Namba 4: boshori na soksi

Boshori la sufu na soksi za sufu za kulalia tu, ambazo hujatembea nazo, soksi ya mchana ina jasho hata kama unaiona kavu. Mitumba sweta la sufu halisi utalijua kwa lebo ya ndani, na bei yake mara nyingi ni ile ile ya la nailoni kwa sababu wauzaji wengi wanaangalia rangi. Pamba acha nyumbani, skintaiti ya pamba ikishika jasho ni friji. Na usivae nguo kumi ukajibana ndani ya begi, mbili kavu zinatosha.

Namba 5: kopo la usiku

Msicheke. Umri wetu unaamka mara mbili, kila ukitoka joto lote limekwenda, na ufukweni viboko wanatoka majini usiku kula majani. Kopo la mdomo mpana lenye mfuniko wa kukaza, liandike alama kubwa lisije likachanganywa na lile la namba 3.

Visivyo na nafasi kwenye begi langu

Jiko la mkaa ndani ya hema, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hapana, hewa yake inaua na haina harufu ya kukuamsha. Konyagi ya kupasha mwili inakupa joto la ngozi la dakika chache halafu joto la ndani linatoka lote, bora karanga na kipande cha parachichi kabla ya kulala mwili upate cha kuunguza. Na yale mashuka ya foili yanayong'aa, ya dharura sawa, lakini kulalia yanapiga kelele kama mfuko wa chipsi na jasho linageuka maji ndani. Mi langu nimelitundika dirisha la jikoni kuzuia jua la saa tisa.