Uzoefu wangu na mvinyo wa Dodoma: dukani, baa na kiwandani

Chupa nyingi za Dodoma zinazosemwa vibaya mezani zilitoka kiwandani zikiwa salama. Zimeharibikia njiani, na mara nyingi zaidi rafuni: zimepangwa juu ya jokofu la soda linalotoa joto mgongoni, au mbele ya dirisha linalopigwa na jua la saa nane, zikasimama hapo miezi. Ndiyo maana nikiingia duka la vinywaji hapa mjini siangalii lebo kwanza. Naangalia chupa inakaa wapi.

Ishike tumboni kwa kiganja kizima. Ukihisi ubaridi kidogo, endelea. Usipohisi chochote, imezoea nyuzi joto 30 na zaidi, na hapo mvinyo unazeeka mbio. Kisha tazama mdomo. Kizibo cha gome kilichojiinua hata milimita 2, au shingo yenye michirizi inayonata chini ya karatasi, maana yake mvinyo ulipashwa moto, ukatanuka, ukasukuma kizibo, na hewa ikapata mlango. Mweupe uliogeuka rangi ya chai ya rangi umekwisha. Usikubali maneno ya "umekomaa huo". Chupa zenye glasi angavu ziogope zaidi, kwa sababu mwanga nao unaharibu. Chupa ya kizibo cha gome inatakiwa kulazwa ili gome libaki na unyevu. Ikisimama muda mrefu kwenye ukame wetu, gome linasinyaa. Zenye kifuniko cha kuzungusha hazina shida hiyo, na kwa hali ya hewa ya Dodoma mimi huzichagua bila aibu.

Jambo la pili ni stempu ya kodi ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania. Ipo programu ya simu, Hakiki Stempu, inayosoma stempu hiyo na kukuonyesha bidhaa ni ipi. Haichukui dakika. Mvinyo uliotiwa kwenye chupa iliyokwisha kutumika, bila stempu, unaweza kuwa mzuri leo na siki wiki ijayo, maana chupa haikuoshwa ipasavyo na kizibo kimerudishwa kwa kidole.

Sasa lebo. Ugomvi mkubwa kati ya wateja na wauzaji ni ukavu na utamu. Mvinyo mkavu ni ule ambao sukari ya zabibu karibu yote imegeuka kilevi. Haujaharibika kwa sababu tu hauna sukari. Wengi wetu tumezoezwa na chupa tamu za Afrika Kusini, kwa hiyo anayefungua mwekundu mkavu wa Dodoma kwa mara ya kwanza hukunja uso na kusema ni mchachu. Anayetaka utamu achukue Dompo au chupa iliyoandikwa tamu waziwazi, asichukue mkavu kisha akaongeza soda. (Mtaani wapo wanaoita mvinyo wowote wa bei nafuu dompo, ukiagiza hivyo baa, taja na jina la chupa.) Nyekundu kavu zenye majina ya Dodoma, Imagi na Presidential hazifanani kati yao, na hata jina moja hubadilika kutoka shehena hadi shehena.

Kubadilika huko kuna sababu. Hapa mzabibu haupati baridi ya kuulaza kama Ulaya. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupogoa, na baada ya miezi kama minne anavuna. Kwa hiyo kuna mavuno mawili: Februari hadi Machi, na Agosti hadi Septemba. Ya kwanza yanakutana na mvua. Ubwiri unga na ubwiri vinyoya, magonjwa ya ukungu, hushambulia, matunda hunywa maji, sukari hushuka, na mkulima mwenye hofu huvuna mapema. Ya pili yanaiva kwenye kiangazi, kwa maji ya umwagiliaji ambayo mkulima anayapima mwenyewe. Kwangu tofauti iko wazi kwenye glasi: mwekundu wa kiangazi una rangi nzito zaidi na ukakasi ulioiva, wa masika mara nyingi ni mwepesi na uchachu wake unatangulia. Chupa nyingi hazisemi ni mavuno gani. Uliza.

Wa kuuliza wanapatikana viwandani. Upande wa Hombolo, Makutupora na Bihawana kuna mashamba na wasindikaji, wakubwa na wadogo. Usifike bila kupiga simu, kwani hapa si Stellenbosch ya Afrika Kusini, ambako meza ya kuonja inakusubiri mlangoni kwa ada. Fika asubuhi kabla ya jua kali, sema "mbukwenyi" kwa heshima ya wenyeji, halafu omba kuonja kutoka kwenye tangi na kutoka kwenye chupa ya mvinyo uleule. Ukikuta wa tangi ni mzuri na wa chupa ni mchovu, tatizo liko kwenye kujaza au kuhifadhi. Wasindikaji wadogo wengi huuza mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ghafi usiotiwa chupani, kwa wenye viwanda vikubwa, na watakuuzia hata kwenye dumu. Dumu la lita 5 sinunui isipokuwa kuna watu wa kulimaliza siku ileile, kwa sababu kila ukimimina, hewa inaingia kujaza nafasi. Makutupora Red na Chenin Blanc ndizo zabibu utakazotajiwa zaidi. Anayeanza aanze na Chenin Blanc, inasamehe makosa mengi ya mnywaji.

Baa ni habari nyingine. Chupa ya 750 ml hutoa glasi 5 za 150 ml, kwa hiyo zidisha bei ya glasi mara 5 kabla ya kuagiza. Mara nyingi chupa nzima ni nafuu. Ukitaka glasi, uliza: "Dada, hii ilifunguliwa lini?" Mwekundu uliozibwa na kukaa kwenye friji unavumilia siku 2 au 3. Uliokaa kaunta tangu juzi una harufu ya siki, na una haki ya kuurudisha. Harufu ya boksi lililoloa nayo ni kasoro, inatoka kwenye kizibo, na haiondoki hata ukingoja.

Halafu joto la kunywea. Wahudumu wengi huleta mwekundu wa joto kwa kuwa wameambiwa unywewe kwa joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa ni cha nchi ya baridi. Mwekundu unataka nyuzi 16 hadi 18, na chumba cha Dodoma hufika hapo usiku wa Juni na Julai tu. Ukitoka nyuzi 30, friji ya kawaida inahitaji saa moja na nusu hivi kwa mwekundu, na saa tatu kwa mweupe. Omba ndoo yenye barafu na maji nusu kwa nusu: dakika 10 zinatosha mwekundu, mweupe nusu saa. Barafu bila maji inaigusa chupa kwa pembe tu na inachelewa. Konzi ya chumvi inaharakisha, ingawa mhudumu atakushangaa.

Kwa chakula, mbuzi wa kuchoma na mwekundu mkavu wenye ukakasi. Pilipili ikizidi, hamia mtamu, kwani kilevi na ukakasi huuchochea ule moto. Ugali kwa mlenda nimeujaribu na Chenin Blanc mkavu na sijapata mwenzi bora.

Wanaosafirisha: chupa moja ina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.3, kwa hiyo katoni ya 6 ni kama kilo 8. Kwa safari ya Dar, buti la basi si mahali salama. Kwa gari binafsi, ziweke nyuma ya kiti cha mbele, sakafuni, zimefunikwa khanga yenye unyevu, na ukisimama kula Morogoro usiegeshe juani. Ukifika, zipumzishe siku 3 kabla ya kufungua.